Mwaka Nilioshinda kwa Mbuzi

Watu wanaponiuliza nilijifunzia wapi hesabu, wanategemea nitaje Ulaya. Diploma zangu mbili ziko ukutani, ndani ya vioo, na kila anayeingia ofisini kwangu anaziona kabla hajaniona mimi. Nimezitundika pale kwa makusudi. Nilizipata bila mjomba serikalini na bila padri wa kuniandikia barua, na sioni kwa nini nizifungie kabatini kama nguo za msiba. Lakini jibu la kweli ni kwamba hesabu nilijifunzia Mapendo, mtaa wa Goma, katika chumba cha nyuma cha mkahawa wa Mama Sifa, mwaka ule niliokaa nyumbani na diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, nikicheza karata. Mwezi uliopita tulimzika Mama Sifa. Nilikuwa nimeketi chini ya turubai na akina mama wa parokia, nimevaa vizuri, nikizungumza kwa sauti ya chini kama inavyompasa mtu wa ofisi yangu, mara mwanaume mmoja mnene akainama sikioni mwangu na kusema, "Nadège, mama ya mbuzi." Alikuwa Bahati, mmoja wa niliocheza nao. Niliziba mdomo kwa leso ili watu wadhani ninalia. Tangu siku hiyo mwaka ule umekataa kuniacha, na mimi si mtu wa kuacha jambo nililoshinda likae bila kuandikwa.

Ya wazazi wangu na ya milima tuliyotoka nitayaacha. Kila mtu wa Goma ana milima aliyotoka. Nianze na chumba. Kilikuwa cha mbao, kimesimamishwa juu ya mawe ya volkano ambayo hakuna aliyejisumbua kuyasawazisha, kwa hiyo sakafu ilikuwa na mlima wake na bonde lake. Meza ilikaa bondeni. Viti vilikuwa vinne, na changu ndicho kilichokaa mlimani, hata nikawa natazama karata zangu kama mtu anayetazama shamba akiwa juu ya paa. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na jiko la Mama Sifa, na kila kilichopikwa tulikijua kwa pua kabla ya kukijua kwa macho: sombe ya majani ya muhogo, maharagwe yenye mawese, samaki wadogo wa sambaza waliokaangwa mpaka wakalia mdomoni kama majani makavu. Vumbi jeusi liliingia kwenye kila upenyo. Ili lisizile karata, tulikata majalada ya plastiki ya shule vipande vidogo, tukayaunganisha kingo kwa kisu kilichopashwa moto, na kila karata ikawa na koti lake. Makoti yangu ndiyo yaliyokuwa yamenyooka kuliko yote. Hata Trésor, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aliniletea karata zake nizishonee.

Trésor ndiye aliyekuwa mwenye mchezo. Kaka yake aliyekuwa Ubelgiji alimtumia sanduku zima la karata hizo, zenye picha za wanyama ambao Mungu hakuwaumba na maandishi ya Kifaransa madogo kama chawa. Kila mchezaji alijitengenezea fungu lake, na karata zikabadilishwa mkono kwa mkono, mbovu mbili kwa nzuri moja, nzuri moja kwa sahani ya sambaza. Kila mmoja alianza na roho ishirini, ambazo sisi tulizihesabu kwa punje za maharagwe makavu zilizotoka kwenye gunia la Mama Sifa. Ukipigwa, unarudisha punje kwenye bakuli. Punje zikiisha, umekufa. Wachezaji wengine wawili walikuwa Bahati, kijana wa Masisi ambaye mdomo wake haukupumzika hata akiwa anatafuna, na Innocent wa Kalengera, mpole, ambaye Kifaransa chake kilikuwa bora kuliko chetu sote baada ya changu. Innocent ndiye aliyesoma karata kwa sauti panapotokea ubishi, na neno lake lilikuwa la mwisho. Mimi nilikuwa wa nne.

Mama Sifa hakuupenda mchezo ule wala hakuuchukia. Alikuja na sufuria, akatutazama, akasema, "Meza yangu haiko ya makaratasi. Kama munataka kupiganisha hivi binyama, mupiganishe kiisha kula."

"Mama, leta yote," Trésor alimjibu. Ndivyo alivyoagiza chakula siku zote. Hakuuliza kimepikwa nini.

"Yote utaimaliza? Juu sahani ikisha kutoka kwa jiko yangu, hairudiake."

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba: sahani uliyoiagiza ni yako, uile au ikutazame. Trésor mwenyewe ndiye aliyeihamisha kutoka jikoni na kuileta mchezoni. Siku moja Bahati alitangaza shambulio, kisha akaona kosa lake akataka kulirudisha, na Trésor akamwekea kiganja juu ya karata. "Sahani hairudiake," akasema. Tulicheka, na tangu hapo neno lililotamkwa juu ya meza ile halikurudi kinywani. Ninalieleza hili mapema ili msomaji asidhani baadaye kwamba nilibebwa na bahati.

Kulikuwa na kanuni nyingine, na hii ilikuwa yetu peke yetu duniani, ingawa wakati huo hatukujua. Karata nyingi kubwa ziliandikwa kwamba mchezaji anaweza kumtoa kafara "un allié". Sasa, mwambie mtoto wa Goma neno allié. Sisi tulilikulia redioni. Allié ni yule anayekuja kukusaidia, mnapeana mikono mbele ya watu, na kesho yake ng'ombe wako hawaonekani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maana yake. Tulicheza hivi: mkipeana mkono juu ya meza, hamtashambuliana mpaka zamu irudi, lakini katika muda huo mwenye punje nyingi anaweza kula wanyama wa aliye hoi ili kuwanenepesha wa kwake. Kwa hiyo mkono ulikuwa kitu cha kuogopwa. Mtu aliupokea akiwa hoi tu, amebakiza punje chache, akichagua kuliwa mifugo kuliko kufa. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi Liège, Ubelgiji, niliukuta mchezo uleule kwenye duka moja Ijumaa jioni, nikaketi na Wazungu watatu. Nilipokuwa hoi nilimnyooshea mkono aliyekuwa kushoto kwangu. Akaushika kwa adabu, akadhani ninaaga. Wakanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni jinsi ya kutumia lifti, kwamba allié ni mnyama wako wewe mwenyewe, basi. Niliwasikiliza mpaka mwisho, halafu nikawaeleza kanuni ya Mapendo. Ijumaa iliyofuata nilikuta wanacheza yetu, wanapeana mikono na kusalitiana kwa furaha kubwa. Kosa letu lilikuwa na akili kuliko sheria yao, na siku zote nimesema hivyo.

Lakini narudi Mapendo, maana Liège nilifika baadaye. Kwa miezi mingi nilikuwa nashindwa. Sikushindwa kwa ujinga. Nilishindwa kwa sababu nilicheza kama wao, nikitafuta karata zenye kung'aa, na zenye kung'aa Trésor alikuwa nazo nyingi kuliko mimi. Alikuwa na Joka. Kila Joka lilipomla mnyama, nguvu yake iliongezeka, na likinenepa vya kutosha liliweza kuua watu wawili kwa pigo moja. Mimi nilikuwa na Malaika mmoja mwenye mabawa ya dhahabu, nilimpenda, naye hakuwahi kunishindia kitu.

Jumamosi moja ya mvua nilichelewa. Mvua ya Goma ikipiga bati watu hupaza sauti bila kujua, kwa hiyo nilipokuwa jikoni nikikausha kichwa kwa kanga ya Mama Sifa, nilimsikia Trésor kupitia mbao kana kwamba tumeketi pamoja.

"Cousin yangu anatoka Bukavu mwezi unaokuya," alikuwa akisema. "Eko na karte za kweli, sanduku muzima. Sasa tutacheza muchezo."

"Na petite?" Bahati aliuliza. Petite, yaani kasichana, ndivyo walivyoniita. "Viti viko bine tu."

"Ule binti tunamuachaka tu juu meza ifike batu bane. Aende asaidie Mama kuosha masahani."

Yaani kazi yangu ilikuwa kutimiza watu wanne tu. Bahati alicheka. Innocent hakucheka, lakini hakunitetea. Mama Sifa alikuwa akigeuza ugali wa fufu. Alinitazama, mwiko ukiwa umesimama katikati ya sufuria, akasema bila kupaza sauti, "Masahani yangu ninaoshaka miye mwenyewe." Kisha akaendelea kugeuza.

Niliingia na maji yakinidondoka. "Nimesikia," nikasema. Bahati akaanza kutafuta kitu chini ya meza. Nikamwambia Trésor kwamba cousin yake akifika, kabla hajakaa, tucheze mchezo mmoja, sisi wanne, na yeye atazame. Nikishindwa, natoka, na karata zangu nawaachia. Nikishinda wote watatu, ninabaki.

"Na yeye atakaa wapi?" Trésor aliuliza akitabasamu.

"Kwa kiti yako."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Sawa, petite. Ukitushinda siye batatu, anakamata yangu." Na kwa kuwa Bahati alikuwa amesikia, na Innocent alikuwa amesikia, neno lile halikuwa na njia ya kurudi.

Ningependa kueleza yaliyonipata wiki zile, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niwe hivi nilivyo. Huko nje sikuwa mtu. Nilikuwa na diploma ya serikali na alama ambazo wavulana wale hawakuzipata, lakini kazi hakuna, shule ya juu hakuna, na majirani walianza kunitazama kiunoni wakijiuliza nitaolewa lini. Kile kiti cha mlimani kilikuwa mahali pekee Goma nzima ambapo mtu alinisubiri nifanye uamuzi. Sikuwa tayari kukitoa. Nililala kitandani mchana, karata zimetandazwa kifuani, nikazisoma zote upya, hata zile mbovu ambazo tuliziwekea vikombe vya chai. Na katika zile mbovu nikaona maneno mawili niliyoyaruka mwaka mzima: "chaque adversaire". Kila mpinzani.

Karata ile ilikuwa na picha ya lango la mawe lenye mnyororo, na sisi tuliiita Barrière, kama ile ya mpakani. Ilisema kwamba mnyama wako akivuka kwenda kaburini, kila mpinzani anapoteza roho moja. Wote waliidharau. Kupoteza roho moja ni kuumwa na mbu. Lakini waliihesabu kama watu wawili wanaopigana, na sisi tulikuwa wanne. Kila mpinzani, kwangu mimi, ni watu watatu. Mbu yule aliuma mara tatu kwa wakati mmoja. Nyingine tuliiita Mama Makala, kwa ajili ya mwanamke mwenye gunia jeusi mgongoni kama wauza mkaa wetu: mnyama wako mdogo akifa, anarudi mezani papo hapo, ila anarudi amelala, hawezi kupiga wala kukinga. Nani anataka mnyama aliyelala? Mimi nilimtaka. Hawezi kupigana, lakini anaweza kuliwa. Anaweza kuliwa tena. Hii ndiyo tuliyoiita kombinezo: karata ambazo kila moja peke yake ni takataka, na zikikaa pamoja hakuna mlango wa kutokea. Wengi wanadhani kombinezo ni kukusanya vikubwa viwili. Nimewafundisha vijana wa ofisini kwangu kwamba sivyo. Tafuta kidogo kinachojirudia, kisha tafuta watu wengi wa kukilipa.

Kilichobaki ni mtu wa kula. Kwa hiyo nilikwenda kwa Trésor mwenyewe nikampa Malaika wangu wa dhahabu, naye akanipa Barrière, Mama Makala na mbuzi wadogo wote waliokuwa wamesahaulika chini ya sanduku lake.

"Petite amechoka," alimwambia Bahati. "Anafungua boucherie."

"Atuuzie brochette," Bahati akajibu, kana kwamba bucha langu lina mishikaki tayari.

Niliwaacha wacheke. Nilishona makoti ya mbuzi wangu kwa uangalifu uleule niliomshonea Malaika.

Cousin alifika, kijana mrefu mwenye adabu, jina lake Patient, na sanduku lake chini ya kwapa. Mama Sifa alimpa kiti cha jikoni akae karibu na mlango. Alikuwa amepika sombe na sambaza, na Trésor aliagiza kama kawaida yake, akala, akafuta mikono, tukaanza. Mbuzi wangu niliwatoa mmoja mmoja. Barrière nikaiweka kando ya sahani, Mama Makala karibu nayo, bila kuzungumza. Innocent alizisoma kwa sauti kama ilivyokuwa desturi, na hakuna aliyesikiliza, kwa sababu wakati huohuo Trésor alikuwa ametoa Joka. Kisha nikafanya kitu ambacho ninajivunia hata leo: nikajifanya dhaifu kwa kweli. Nilimshambulia Bahati mahali nilipojua ataumia, naye akanirudishia, na punje zangu zikaanza kuingia bakulini mpaka mbele yangu zikabaki chache za kuokota kwa vidole viwili.

"Petite, uko nakufa," Bahati alisema. "Tuite padri?"

"Muache," Trésor akasema. Alikuwa anahesabu, macho yakienda kutoka kwa Innocent kwenda kwa Bahati. Alihitaji Joka linenepe awaue wote wawili kwa pigo moja, na mimi aniache kwa ajili ya dakika ya mwisho, kama mtu anavyobakiza nyama. Akanyoosha mkono wake juu ya meza. "Kuya, tusaidiane. Nitakulinda."

Niliutazama mkono ule. Nilijua kwamba nikionyesha haraka ataponyoka. Nikauma mdomo, nikawatazama mbuzi wangu kama mtu anayewaaga, nikaupokea.

"Unakula ngapi?" Innocent aliuliza, maana mlaji alipaswa kutamka.

Angeweza kusema wawili. Angeweza kusema wanne, ndio waliokuwepo, na mchezo ungeendelea, na labda leo ningekuwa na habari nyingine ya kuandika. Lakini nilikuwa nimemsikiliza mwaka mzima akiagiza chakula.

"Minakula yote," alisema Trésor.

Mbuzi wa kwanza akaenda kaburini. "Barrière," nikasema. Kila mmoja wao akarudisha punje moja. "Mama Makala," nikasema, na mbuzi akarudi, amelala. Wakaliwa wa pili, wa tatu, wa nne, punje zikaingia bakulini, na mbuzi wanne walikuwa bado mezani wamelala kwa utulivu. Trésor akaegemea nyuma. "Basi. Joka imeshiba."

Innocent hakunyanyua macho kutoka kwenye karata. Aliisoma Barrière, akaisoma Mama Makala, akarudia kwa sauti, neno kwa neno. "Ulisema yote," akamwambia. "Mbuzi ziko hapa. Haiyaisha."

"Mana yangu ilikuwa zile ine."

"Haukusema ine. Ulisema yote."

"Sahani hairudiake," alisema Bahati, polepole, na mimi nadhani alisema kabla hajatambua kwamba naye anakufa kwa neno hilohilo. Akatambua. Akatazama punje zake. "Eh, Trésor. Unatuua siye wote na njaa yako."

Tuliendelea, kwa sababu sheria ni sheria. Mbuzi, punje, mbuzi, punje. Kulisikika maharagwe tu yakigonga bakuli, na Mama Sifa akaja kusimama mlangoni aone nani anachambua chakula chake. Bahati alikufa kwanza. Innocent akamfuata, akaweka karata zake chini zikiwa zimepangwa vizuri, akaendelea kuamua kama jaji aliyekufa. Joka lilikuwa limenenepa kuliko mnyama yeyote aliyewahi kukaa juu ya meza ile, lingeweza kuua mkahawa mzima na majirani, lakini lisingeinuka mpaka limalize kula, na chakula hakikuisha. Trésor alirudisha punje yake ya mwisho mwenyewe. Hakuitupa. Aliiweka.

Mbele yangu zilikuwepo punje zangu chache zilezile. Watu wanaonijua leo hawaamini sehemu hii, lakini sikujisifu. Sikuwa na haja. Mbuzi wanne walikuwa wamelala pale kila mtu akiwaona.

Patient alisimama karibu na mlango, sanduku bado kwapani, hajui atazame wapi. "Kaka," akamwuliza Trésor, "sasa miye nikae wapi?"

Trésor akasimama, akakivuta kiti chake nyuma, akakipangusa vumbi kwa kiganja kama mtu anayekaribisha mgeni nyumbani kwake.

"Ukae kwa yangu," akasema. Halafu akanielekeza kwa kidevu. Mwaka mzima alikuwa ameniita petite. "Na weye usikilize vizuri. Huyu mama pale, hata akiwa nakufa, usimupe mukono."

Patient akaketi, akaficha mikono yote miwili chini ya meza.